Simu ya Saa Sita na Dakika Kumi

Tulimwita Rejista kwa sababu ukimtajia jina la mgonjwa alikupa namba ya faili kabla hujafunga mdomo. Nimekaa naye miaka tisa katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, madirisha mawili na rafu kumi na nne, na nikisema namjua sijisifu. Ni mtu wa utaratibu mpaka anakera. Faili haliondoki kwenye rafu bila kuwekwa kadi mahali pake, yenye jina la aliyelichukua. Hata daktari mkuu aliwahi kurudishwa kutoka mlangoni kwa kutosaini. Alirudi akasaini, na Rejista wala hakuinua macho.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa mitandao, mtu wa masihara, ambaye kila akipita kwetu lazima aniudhi kidogo ndipo aende zake. Mwaka jana alikuwa anasomea cheti cha kwanza cha huduma za wingu, yaani zile kompyuta za kukodi zilizo mbali, unazozitumia kupitia mtandao tu. Siku moja aliinamia dirisha letu, akamgeukia Rejista.

"Dada, simu yako ni nzima?"

"Nzima. Kwani imekufanyia nini?"

"Hamna. Nauliza tu."

Akacheka, akaondoka. Baada ya siku tisa tulimzika. Aliugua siku nne, basi.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, Rejista akawa anakuja kazini na uso wa mtu asiyelala. Nilimbana mpaka akasema. Mama yake, anayeishi naye, alikuwa akidai kwamba mwanawe humpigia simu kila siku saa sita na dakika kumi mchana. Ndugu walishakata shauri kuwa ni uzee. Rejista akachukua siku moja ya likizo, akakaa kando ya mama yake na kikombe cha chai. Saa ilipofika simu ikaita, akaiwahi yeye.

"Shikamoo mama. Umekula? Haya, meza dawa ya presha, kile kidonge cheupe."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, pamoja na kile kikohozi chake kidogo mwishoni.

"Chai yote nilijimwagia mapajani," aliniambia. "Wala sikusikia moto."

Mimi si mtu wa mashetani. Lakini tangu siku ile, ikikaribia saa sita na dakika kumi, nilikuwa naacha ninachofanya na kutazama ukuta. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Wengine wangetafuta mtu wa kuombea nyumba. Rejista alitafuta daftari la marehemu. Alilikuta sandukuni, limejaa mwandiko wa haraka haraka, na kabla ya kulitoa aliweka kadi mahali pake, yenye jina lake mwenyewe. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na mwisho akajiandikisha kwa mtihani ule ule. Nyumbani alimtazama mama akiongea na simu, kazini alisoma. Wakati wa chakula mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, mimi nisiyejua lolote, namsomea maswali huku natafuna.

"Mwenye wingu analinda nini?"

"Jengo, mashine, umeme, nyaya."

"Na wewe mteja?"

"Nilichoweka ndani, na nani nimempa ufunguo. Kikiharibika hicho, nisimlaumu mtu."

Kilichomfungua macho ni somo la kuipangia mashine kazi iifanye yenyewe kila siku, kwa saa uliyoitaka. Pembeni ya ukurasa huo marehemu alikuwa ameandika "mama, dawa". Ndivyo alivyokuwa akifanya mazoezi. Alirekodi sauti yake, akaiweka huko mawinguni, akaipangia saa impigie mama. Kisha akafa, na mashine hakuna aliyeiambia. Nilipoelewa hivyo nilidhani hofu itaniisha. Haikuisha, iliingiliwa na huzuni tu, na vyote viwili tukawa navyo mle chumbani.

Nywila ya kuingilia huko mawinguni ilikuwa nyuma ya daftari. Hakuigusa miezi mitano, mpaka alipojiamini kwamba hataharibu kitu. Siku alipoingia alikuta akaunti ni ya majaribio, ya mwaka mmoja, na zimebaki siku ishirini na tatu ifungwe pamoja na kila kilichomo. Hilo aliniambia. Alikuwa ameona na jambo la pili, akalinyamazia mpaka jioni, ndipo akaja mezani kwangu na simu yake mkononi.

"Ile namba ndefu uliyonifungia mwaka jana," alisema. "Ifungue."

Niliikumbuka vizuri sana. Namba ya ajabu ilikuwa ikimpigia mchana, anapokea, kimya, anakata kabla haijasema kitu. Nikamnyang'anya simu, nikasema hawa ni watu wa matangazo, nikaifungia isimsumbue tena. Nilijiona nimemfanyia wema. Kumbe kwenye orodha ya mashine kulikuwa na namba mbili, ya mama na ya kwake, na mbele ya namba yake imeandikwa "imekataliwa", siku baada ya siku, tangu kijana akiwa hai na akiiona.

Kesho yake, saa sita na dakika kumi, simu yake iliita. Akanigeuzia mgongo, akasikiliza, akasema neno moja, "Inasikika," akakata. Hakulia. Nami sikuwa na uso wa kumuuliza chochote. Ikawa hivyo kila siku, na kila siku nilitamani anitukane yaishe.

Sauti ya mama aliamua kuihamishia kwenye akaunti yake mwenyewe, lakini alimuuliza mama kwanza.

"Najua amekufa," mama alimjibu. "Si mimi niliyemfunga kidevu? Lakini yeye akiniambia meza, nameza. Wewe ukiniambia, tunagombana."

Akaihamisha. Nikamuuliza, na ile inayokupigia wewe je, utaiacha ifungwe?

"Faili la marehemu haliandikwi tena," alisema. "Ile ya mama ni faili la mama."

Mtihani ukaangukia siku ya mwisho ya akaunti, kuanzia saa tano hadi saa sita na nusu, na simu haziruhusiwi ndani. Kuahirisha kulikuwa na maana ya kusubiri miezi mitatu. Alifaulu, niseme kabisa, na cheti kiko ukutani karibu na feni. Lakini asubuhi ile alinipa simu yake, akanisogezea na kadi. Nilicheka. Yeye hakucheka, nikasaini.

"Akipiga nimwambie nini?"

"Msikilize tu. Atakuuliza mwenyewe."

Nilifunga mlango wa chumba. Ilipoita, nusura niikate badala ya kuipokea. Kwanza palikuwa na ule ukimya wa sekunde mbili tatu. Halafu yeye, karibu kabisa, anajizuia kucheka.

"Dada, usikate, ni mimi. Hii ni mashine, nimeipanga mwenyewe, dada. Hebu nijibu, inasikika?"

Kikohozi kidogo. Kisha kimya cha mtu anayengoja.

"Inasikika," nilisema. Laini ilikuwa bado wazi, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine, nikaongeza, "Aliyekufungia ni mimi. Dada yako hakujua kama ni wewe."