Nyasi Juu ya Marudio

Baba alikuwa nje ya seng'enge na ng'ombe wake tangu asubuhi, na mimi nilikuwa ndani na fremu yangu ya mbao ya kupimia nyasi, nikijifanya simwoni. Nilikuwa afisa malisho wa mkoa. Nilikuwa nimevuka Kamanga kwa pantoni ya kwanza kutoka Mwanza, kuja kupima kama mgodi uliofukiwa kijijini kwetu umepona. Kumtuma mtu akapime kwao ni kumchokoza. Nilimwambia hivyo mkuu wangu wa kazi, akacheka, akasema mwenye kwao ndiye anayezijua nyasi za kwao.

Miaka ile ya ruksa, uchimbaji ulipoachiwa huru, kila mwenye koleo alikuja kuchimba. Kampuni moja ndogo ilikamua dhahabu yetu, ikafukia shimo, ikabakiza kilima cha marudio, ule mchanga mweupe wa mawe yaliyosagwa na kuoshwa kwa dawa. Mkataba uliwataka wakisawazishe, wapande nyasi, wasiondoke mpaka serikali iseme zimeshika. Nikisema zimeshika, seng'enge inang'olewa na wao wanakwenda zao. Nikikosea, masika moja tu itashusha mchanga wote kwenye kijito tunachochota maji, na kijito hicho kinaingia ziwani. Lakini kiangazi kilikuwa kikali, na hakuna aliyewaza masika. Mbavu za ng'ombe zilihesabika. Kwa wazee, eneo lile lilikuwa ngitili tu, malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili tuyafungue nyasi zikiisha kwingine. Tofauti ni kwamba safari hii wa kufungua alikuwa binti wa mmoja wao.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unageuza mgongo, unatupa fremu nyuma yako ili usichague pa kupima, kisha unapiga magoti palepale ilipoangukia. Unaangalia ardhi imefunikwa kiasi gani, na mizizi imekwenda wapi. Nilitupa, nikakuta nyasi zimesongamana. Nikatupa tena, vilevile. Meneja wa kampuni, bwana mmoja aliyevaa viatu visivyojua tope, alinifuata nyuma akisema "safi, safi" hadi nikatamani kumziba mdomo. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kufurahi, na furaha yenyewe ikanitia hofu. Nilitaka mno zipite. Nilitaka kutoka nikamwambie baba, ingiza.

Kisha nikavuta. Fungu la nyasi likang'oka lote mkononi, jepesi. Mizizi ilikuwa imetandaa ubavuni badala ya kuzama, imekumbatia kipande cha samadi kavu. Chini ya samadi marudio yalikuwa meupe, hayana mzizi hata mmoja. Nikavuta pengine, samadi. Nikashuka kwenye mteremko, kule maji yanakopita. Huko hakukuwa na samadi wala nyasi, ila vijiti vikavu na mifereji iliyoanza kuchimbika.

"Mliweka mbolea?" nilimuuliza meneja.

"Hapana, dada. Mbegu tu."

Nilimwamini, maana alishangaa kweli. Ndipo baba alipopaza sauti kutoka nje, kwa Kiswahili badala ya Kisukuma, ili wageni wasikie.

"Ni ya zizini kwangu hiyo! Mlinzi wa kampuni alitufungulia lango. Tumeibeba mimi na mama yako, kwa matenga, tangu mvua zilizopita. Nyasi zilikuwa zinakufa. Ningeacha kazi ya mwanangu iaibike?"

Wazee waliokuwa naye wakacheka kwa kumpongeza. Mfugaji anayeona nyasi zinakufa, na zizi lake limejaa samadi, afanye nini kingine? Hakujua kwamba nilikuja kupima kama mchanga ule unaweza kulea nyasi wenyewe, bila kulishwa na mtu. Alikuwa ameniandalia jibu kwa mapenzi yake yote, na jibu lilikuwa la uongo.

Meneja akanisogelea. "Nyasi ni nyasi, dada," akasema chini chini. "Mzee kajitolea. Maliza kazi, ng'ombe wale."

Nilimchukia, kwa sababu alisema lililokuwa moyoni mwangu. Nikawatazama ng'ombe. Wangezimaliza nyasi zile kabla ya mvua, kwato zingeifumua samadi, kisha mvua ingekuja ikute mchanga mtupu. Na maji yale ndiyo anayokunywa mama.

Nikasimama. Nikapaza sauti makusudi ili na wa nje wasikie. "Hazijashika. Seng'enge inabaki. Kampuni irudie kilima chote."

Meneja akasonya, akaondoka kuelekea kwenye gari lake. Wazee hawakunitazama mimi, walimtazama baba, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana. Mmoja akaanza kuwageuza ng'ombe wake.

Nilitoka langoni mbio kumfuata baba. Maneno nilikuwa nimeyapanga: mteremko, maji, mama. Nilitaka nianze na salamu, kama mtoto anavyopaswa, kwa kuwa tangu nifike sikuwa nimemsalimu. Hakunipa nafasi. Alivua pama lake, akainamisha kichwa mbele ya watu wote, akanitangulia yeye.

"Shikamoo, serikali."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Alibaki ameinama, kofia mkononi, akingoja niitikie.