Mwito wa Kwanza

Utotoni mwangu, kwetu Temeke, mtu hakuitika mwito wa kwanza. Bibi alituonya kwamba shetani huita mara moja tu. Binadamu mwenye haja nawe atarudia hata mara ya tatu. Shangazi Mwanaidi, dada mdogo wa baba, aliugua kwa kuitika upesi. Ndivyo tulivyoambiwa.

Bibi alisimulia kwamba maradhi yalianza adhuhuri moja, Shangazi akianua nguo. Sina hakika. Ninachokumbuka ni kwamba aliwaitika watu tusiowaona, huku vidole vyake vikisuka ukili wa mkeka bila kukosea.

"Shangazi, nani kakuita?"

"Hujasikia? Basi masikio yako ya kutundikia vipuli tu."

Tulicheka wote wawili.

Baadaye akaanza kutoka barabarani, akijibizana na sauti zake. Bibi aliogopa askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu mtawala wa wilaya, wasije wakamchukua, wampeleke kwa wendawazimu, mbali huko bara. Mganga akaagiza afungiwe chumbani siku saba, afukizwe ubani, na asijibiwe kabla ya mwito wa tatu.

Siku ya nne Bibi alikwenda kisimani. Mimi, mtoto wa miaka minane, niliachwa nilinde mlango.

"Zaina."

Ilikuwa sauti ya Shangazi, ya chini, kama ya mtu anayeomba radhi. Nikahesabu: moja. "Abee" ilikuwa tayari ulimini. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikangoja ya pili.

"Hata Zaina hasikii," alisema, lakini si kwangu. "Kumbe na sauti yangu ni ya kwao wasiosikika."

Bibi aliporudi alikuta mtungi wa maji wa chumbani umepinduka na sakafu imeshakauka. Midomo ya Shangazi ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Mwanangu, si ungeita!"

Tangu siku ile Shangazi hakumwita mtu tena, wala hakuziitika sauti zake.

Chuoni nimejifunza jina la maradhi yake. Nimelisoma katika vitabu vitatu, nikilinganisha kila dalili na ninayoyakumbuka, na sikupata mahali palipoandikwa nimfanyie nini mtu aliyeacha kuita. Kila likizo naketi mlangoni pake. Bado anasuka.

"Abee, Shangazi," namwambia, ingawa hajaniita. Narudia mara ya pili, na ya tatu.

Vidole havisimami, wala hageuki. Nadhani amekwisha kuniweka pamoja na zile sauti nyingine.