Kola ya Koti la Baba

Mvua hizi zimeotesha kuvu kwenye mkoba wangu wa ngozi, na harufu yake imenirudisha nyumbani kwetu Makorora, mama alipokuwa amekaa eda. Kila asubuhi alilifuta kuvu koti la ngozi la marehemu baba, alilolivaa akipeleka lori Lushoto kwenye baridi, kisha akalipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Kola tu hakuigusa.

Siku moja nikataka kumpunguzia kazi. Nikalifua koti zima kwa sabuni ya unga, nikalianika juani, likakauka kama samaki ng'onda.

“Nimekusaidia, mama,” nikamwambia.

Alizamisha pua kwenye kola, akanusa, akanusa tena.

“Ahsante, mwanangu,” akasema.

Hakulipaka mafuta tena.