Barua za Ukutani kwenye Mashine ya Kusaga

Enzi za Mwingereza, pale Sumbawanga mjini, kulikuwa na mashine ya kusaga tuliyoiamini sisi wanawake wa Izia na Mollo. Ile nyingine iliacha mchanga kwenye unga. Foleni ya hii yetu haikuwa na haraka, kwa hiyo mtu aliujua ukuta wa mashine vizuri kuliko uso wa mumewe. Uso wa mume wangu nilikuwa nimeshaanza kuusahau. Alikuwa amekwenda kuchimba shaba ng'ambo ya mpaka, na huo ulikuwa mwaka wa tano.

Sikujua kuandika. Barua zangu aliziandika shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na majibu yakija alinisomea yeye huyo huyo. Yeye kitini, mimi mkekani, nasema. "Mwambie arudi. Mwambie nimechoka kulima peke yangu, tena nina hasira naye." Shemeji aliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko wa kupendeza. Majibu yalikuwa yale yale: hajambo, anatusalimu sote, amefurahi kusikia hatujambo. Kuhusu kurudi, kimya. Nikasema basi, nimeolewa na jiwe.

Nikajiunga na darasa la watu wazima, alasiri, bila kumuaga mtu. Nilichotaka ni kimoja tu: nimwandikie mwenyewe, kwa mkono wangu, nione kama atanyamaza tena. Mwezi wa pili nikataka kuacha. Herufi zangu zilikuwa zinaanguka huku na huku kama walevi wa pombe ya ulezi. Mwalimu aliziangalia, akasema, "Pole, mama." Pole! Nilimchukia wiki nzima.

Wiki hiyo hiyo, nikiwa nimeketi kwenye foleni, nikaona maandishi ya mkaa ukutani. Nikayasoma herufi kwa herufi, midomo ikichezacheza. "Kwako mpendwa unayesoma. Salaam sana. Natumai u mzima wa afya kama mimi nilivyo. Baada ya salaam." Hapo ukuta ulikuwa umefika mlangoni. Mwandishi alimaliza ukuta kabla hajafika kwenye neno lake, ikabidi alisukumie chini kabisa, karibu na sakafu, kwa herufi ndogo: "nimechoka."

Usicheke. Kitu pekee tulichofundishwa kuandika ni barua, na barua isiyo na salaam ni utovu wa adabu, hata ukiuandikia ukuta.

Nililia pale pale. Mama aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimeingiwa na unga machoni, nikamwambia ndiyo. Mwandiko ule ulikuwa mbaya kuliko wangu, jamani, na nilikuwa nimeelewa kila neno.

Zamu iliyofuata nilikwenda na kipande cha mkaa kwenye pindo la kanga. Nikaandika chini yake: "Barua yako nimeipata. Nami nimechoka. Mume wangu haji, na barua zangu huniandikia mtu." Baada ya siku chache nikakuta jibu: "Barua yako nimeipata, nimefurahi sana. Andika mwenyewe. Hata vibaya atasoma." Na pembeni, kwa mkono mwingine kabisa: "Nami nawasalimu nyote."

Wakaongezeka. Kila mmoja alianza na salaam, ukuta ukajaa afya njema. Mwenye mashine alipiga kelele kwamba ukuta wake si posta, akaupaka udongo mweupe. Tulimshukuru sana, kwa sababu juu ya weupe mkaa unaonekana vizuri zaidi. Yule wa kwanza sijamjua mpaka leo. Nilichunguza vidole vya foleni nzima nikitafuta weusi wa mkaa, lakini wote tulikuwa na unga mikononi.

Basi nikaandika. Ilinichukua siku tatu. Salaam niliweka mistari miwili, nikaona inamtosha. Kisha: "Rudi. Nimechoka. Nina hasira nawe na nina hamu ya kukuona." Anwani niliinakili kutoka bahasha ya barua yake ya zamani, barua nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

Jibu lilipokuja lilipitia kwa shemeji, kwa kuwa barua zote za nyumbani alizichukua yeye. Akaniita. Nikamwamkia shikamoo, lakini sikukaa. Nikasimama nyuma ya kiti chake.

"Hajambo," akasoma. "Anakusalimu sana. Amefurahi kusikia hujambo."

Macho yangu yalikuwa yamemtangulia. Karatasi ilisema: "Miaka yote nilikuwa nangoja uniite. Kila barua ulisema hujambo, nisiwe na haraka. Nikadhani umeshazoea kukaa bila mimi. Nakuja baada ya mavuno."

"Umeruka, shemeji," nikamwambia.

Akageuka, akanitazama, akaitazama karatasi.

"Barua zake kule kambi ya mgodini husomwa mbele ya wenzake, mama," akasema. "Mke analalamika, mke ana hasira. Sikutaka mdogo wangu achekwe."

Nilimwamini. Aibu ya mdogo wake ilimuuma kweli. Hasira yangu haikupungua hata chembe. Miaka mitano si foleni ya unga.

"Rudia," nikasema. "Anzia pale anaposema alikuwa ananingoja."

Akasoma, kwa sauti, nami nikimfuata kwa kidole neno kwa neno asije akaruka tena.