Nilipokwenda Unguja Kumwona Zuhura Akipigana Mieleka

Safari hii sikuipanga mimi. Mama ndiye aliyenituma kutoka Tanga nikamrudishe nyumbani mdogo wangu, Zuhura. Kampuni ya mieleka aliyokuwa akiipigania Dar es Salaam ilikuwa imevunjika na wapiganaji wametawanyika: mmoja kaenda Nairobi, mwingine anaendesha bodaboda, wengine wanajirekodi kwa simu na kujirusha mitandaoni. Zuhura na wenziwe wachache walivuka kwenda Unguja wakaanzisha kikundi chao wenyewe, kisicho na tajiri wa kuwaamrisha. Mama alisema hiyo si kazi ya mtoto wa kike, tena ni mchezo wa uongo, maana mshindi hupangwa kabla. Nami, nisifiche, nilikuwa upande wake.

Kutoka Tanga nilipanda basi hadi Dar, nikalala kwa rafiki, na asubuhi nikaingia kwenye boti. Tulipokuwa baharini, vijana wawili waliokaa mbele yangu walikuwa wakitazama pambano kwenye simu. Mwanamke mwenye ushungi mwekundu alimwinua mwenzake mabegani kama gunia la karafuu, akambwaga. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyo ndiye Tufani, na kwamba Jumapili hawezi kumkosa. Tufani ni Zuhura. Nikajikuta nimekaa wima kidogo.

Bandarini Zuhura alinipokea akiwa na baibui na vidole viwili vimefungwa bandeji. Tukachukua teksi hadi Chukwani, alikokuwa akiishi kwa Bi Salma, mjane muuza mikate ya kumimina. Binti wa Bi Salma, Rukia, ndiye aliyekuwa apigane na Zuhura Jumapili. Walikuwa wakilala chumba kimoja na kula sinia moja.

Nilimwamkia Bi Salma shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniwekea wali na mchuzi wa pweza. Nilipokwisha kula nikamweleza nilichotumwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama yako ana haki," akasema. "Na mie nlisema hayohayo. Kesho nnakwenda kumtazama Rukia kwa mara ya kwanza. Twende sote. Ukishaona, ndipo umchukue mdogo wako."

Jumapili asubuhi niliwakuta uani wakifanya mazoezi juu ya magodoro. Zuhura alinieleza bila kuficha: yeye ndiye atakayeshinda na kuvaa mkanda wa kwanza wa kikundi chao, kwa kumwinua Rukia na kumbwaga. Nikamwuliza kama haoni haya kuwahadaa watu. Alicheka.

"Mshindi tunampanga, kaka. Kuanguka hatukupangi. Rukia akiwa juu ya mabega yangu, shingo yake iko mikononi mwangu."

Baada ya alasiri tukafika kwenye ukumbi mmoja pale Amani, umejaa hadi mlangoni. Wasichana waliingia na nguo za mikono mirefu, suruali na shungi, vyote vimeshonwa kwa mtindo walioubuni wenyewe. Huko Dar, Zuhura alikuwa amenieleza, tajiri ndiye aliyekuwa akiwachagulia cha kuvaa.

Pambano lilikwenda vizuri hadi Rukia alipoanguka vibaya ubavuni. Aliinuka, lakini mkono wake wa kushoto ulining'inia. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakaanza kumpigia kelele Zuhura amwinue. Bi Salma alinishika kifundo cha mkono akakibana.

Zuhura alimsogelea Rukia, akamkumbatia kama anayetaka kumnyonga, nikaona midomo yake ikicheza. Kisha akamwachia, akarudi nyuma mbio, akajifanya kuteleza na kuanguka chali. Rukia akamwangukia kwa upande wa mkono mzima. Mwamuzi akahesabu: moja, mbili, tatu. Ukumbi ulilipuka. Rukia akavalishwa mkanda, na Bi Salma, aliyekuja huku amenuna, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Jioni hiyo, hospitalini, daktari alilirudisha bega la Rukia mahali pake. Tulipokuwa tukisubiri nje nilimwuliza Zuhura kwa nini hakumbana chini tu akashinda yeye, kama walivyopatana.

"Walikuwa wakidai nimwinue; ningembana tu, kila mtu angejua kaumia," akasema. "Mamake ndiyo kwanza anakuja kumtazama. Sikutaka amwone mwanawe akitolewa kabebwa."

Ule mkanda alikuwa ameungoja tangu Dar, na aliutoa kwa kunong'ona tu. Sikumwambia tena habari ya kurudi. Nilimwambia najivunia kuwa kaka yake, naye akainamisha uso akafunga upya bandeji yake.

Nilipofika Tanga, Mama alitazama nyuma yangu, akaniuliza Zuhura yuko wapi. Nikamjibu kwamba nimemwacha kazini. Nikamsimulia yote, na nikamwambia kwamba tulikosea: ushindi hupangwa, lakini moyo wa kumlinda mwenzako watu hao hawauigizi. Mama aliniagiza nimpigie simu Bi Salma, amjulie hali Rukia, na wanawake wale wawili wakazungumza hadi chai yangu ikapoa.

Kabla Mama hajaikata simu, jirani aliingia, akaniuliza Zuhura siku hizi anafanya kazi gani. Mama akaiondoa simu sikioni.

"Mwanangu mpiga mieleka," akasema. "Yuko Unguja."