Jina la Kwanza la Costansia

Mpaka alipotimiza miaka kumi na mitatu, Costansia wa kijiji cha Ihanda hakuwahi kujiuliza yeye ni nani. Alikuwa mtoto wa Benadeta, basi. Asubuhi moja ya ukungu, yeye na Benadeta wakianika kahawa uani, alipita mwanamke mgeni akitafuta kibarua. Costansia alimwamkia. Mgeni alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Niyonsaba! Umefanana na mama yako."

Mgeni alipokwenda zake, Benadeta alijikalia jamvini. "Yule alikuja kutoka Burundi pamoja na mama yako mzazi, wakichuma kahawa hapa. Jina hilo alikupa mama yako. Alifariki ukiwa unanyonya, mwanangu. Nikakulea."

Costansia hakulia. Aliingia migombani, akatembea kama mtu aliye ndotoni, akilitamka jina lile mpaka ulimi ukalizoea. Alijaribu kuukumbuka uso wa mama yule, lakini haukuja. Aliporudi, jua lilikuwa limepanda.

"Mama," alimwambia Benadeta, "niite kwa jina lile, nisikie linavyotoka kinywani mwako."

"Niyonsaba," Benadeta aliita.

"Abee, mama," msichana akaitika.