Alama za Kupanda Tu

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, shangazi yangu huchukua kopo la rangi nyekundu, kopo la nyeupe na brashi mbili, akapanda njia ya miguu inayotoka bondeni hadi kitongoji cha juu. Kazi yake ni kupaka alama kwenye mawe ili wageni wasipotee. Wenyeji humwita Brashi, naye huitika.

Ameifanya miaka ishirini na mbili. Anajua jiwe lipi hutoka jasho asubuhi, halishiki rangi mpaka saa nne. Shuleni hatufundishwi mambo haya, kwa hiyo likizo ikifika mimi humwandama kwa maswali mpaka aseme, "Wewe, mdomo wako hauna likizo?"

Safari hii nilimkuta kanuna. Wageni wawili walipotea wakishuka, wakaokotwa korongoni, wazima ila wanatetemeka. Mkaguzi wa njia alikuwa anakuja Ijumaa. Akiona kasoro, angeifunga njia na kuifuta kwenye ramani. Kitongoji cha juu kina nyumba nne za mawe na watu saba, wote wanaishi kwa kuwauzia wapandaji supu, jibini na malazi. Bila njia, wangelazimika kuhama.

"Alama zangu zipo zote," shangazi alisema. "Hao walikuwa wanatazama simu."

Alhamisi tulipanda pamoja. Kweli zilikuwepo, kila kona, kila njia panda, zimenyooka kama zimepigwa rula. Juu tukanywa supu. Kisha nikamwona anaelekea kwenye kisanduku kinachoning'inia kwenye waya, kile kinachoshusha makopo ya maziwa bondeni.

"Shangazi, hatushuki kwa miguu?"

"Shuka wewe mwenye magoti. Mimi na maziwa tunaelewana."

"Tangu lini?"

Akajifanya anakaza kifuniko cha kopo. "Huu mwaka wa sita."

Nikashuka peke yangu. Kwenye njia panda ya kwanza nikaduwaa. Hakuna alama, ila doa la rangi ya waridi lililopauka. Nikageuka nyuma. Ile pale, mbichi, upande wa pili wa jiwe, inamtazama anayepanda.

Nikarudi mbio. Kisanduku kilikuwa bado kinapakiwa.

"Shangazi, unapaka alama za anayepanda tu!"

Muuza supu akaweka kopo la maziwa chini. "Brashi, si ulituambia goti limepona?"

"Kupanda naweza, kushuka ndiko linakataa. Nilisema hivyo ili wasimpe kazi mtu mwingine," shangazi akasema taratibu, bila kumtazama.

Akaomba mpini wa ufagio, akaanza kushuka. Kila jiwe alikaa, akanyoosha mguu, akapaka, akaguna. Nusu ya njia rangi ikaisha.

Ijumaa mkaguzi hata hajafungua daftari, shangazi akamwahi. "Bwana mkaguzi, wale wageni niliwapoteza mimi. Nusu ya juu nimeirekebisha jana. Ya chini bado."

"Na goti hilo, mama?"

"Goti halimo kwenye ukaguzi."

Mkaguzi akacheka kidogo, kisha akapanda na kushuka njia yote mwenyewe. Nusu ya chini akaifunga wiki mbili, ipakwe, na akaandika kwamba kuanzia sasa kazi ni ya watu wawili.

Siku hizi alama za kushuka anapaka muuza supu. Zimepinda, lakini zinaonekana. Shangazi huziangalia kutoka kisandukuni, katikati ya makopo ya maziwa, akisonya jiwe baada ya jiwe mpaka bondeni.